Barabara Iliyopigiwa Kura

Kilima cha Cutting, Hallam, New Hampshire
22 Februari 1987

Mdogo wangu Leona,

Mimi mzima, kwa viungo vile vinavyohesabika. Wewe nakuombea jua la Arizona lisikukaushe ukawa kama ng'onda. Hapa theluji imefika dirisha la jikoni, kuku wamegoma kutaga, na mbwa wangu Seneta anaendelea kula asichokifanyia kazi, ndiyo maana nikampa jina hilo. Mwanao Royce naye mzima. Kila theluji ikianguka anapanda na lori la mji, anaisukuma mpaka mlangoni kwangu, anageuza, anashuka. Zamani alikuwa akiingia kunywa kahawa. Tangu Januari haingii. Ananipungia mkono nyuma ya kioo kama mwizi wa kuku aliyekutana na mwenye kuku.

Sasa neno lenyewe. Wateule wetu Watatu, wale tunaowapa mji wauongoze kwa sababu hakuna mwingine anayeutaka, wameniletea taarifa. Kifungu cha kumi na tisa cha mkutano wa mji mwezi ujao kinauliza kama wananchi wataridhia barabara ya Kilima cha Cutting iwe "barabara ya mageti na mbao". Umeondoka siku nyingi, acha nikukumbushe. Si kwamba wanaifuta. Nitakuwa na haki ya kupita mpaka parapanda ilie. Ila mji hautaitengeneza tena: hautamwaga changarawe wakati wa tope, wala hautasukuma theluji. Na wewe unajua, bila lori lile, kuanzia Desemba hadi Machi mtu hakai huku juu. Labda awe dubu.

Katiba inasema mtu hanyang'anywi mali yake bila njia ya haki. Basi hawaninyang'anyi nyumba. Wananinyang'anya namna ya kuifikia. Mimi niliacha shule darasa la nane, lakini hata mimi naona hapo kuna fundi aliyelipwa vizuri.

Wanasema nyumba iko moja tu huku, na mwenyewe ana miaka sabini na minane. Hilo la pili hawajaliandika, wameliacha linukie tu.

Siogopi. Kwetu kura ni ya mkono, juu, mchana, mbele za watu. Nusu ya ukumbi ule nimewatoa kwenye tope kwa maksai wangu. Nani atainua mkono huku ananitazama usoni?

Niambie, nyonga vipi? Yule mzee wa jirani bado anakuletea ndimu, au mmeshaelewana? Utakuja wakati wa tufaha? Na la nne: Royce amekwambia lolote? Yeye ndiye Bwana Barabara, mwenye kusimamia njia zote za mji. Jambo la barabara haliwezi kuwafikia Wateule bila kupita kwake.

Kaka yako asiyegeuka,
Elwin


Tucson, Arizona
3 Machi 1987

Kaka Elwin,

Salamu zako zimefika pamoja na matusi yake, nimepokea vyote. Nashukuru Mungu nyonga inatembea, ingawa inalia kama mlango wa banda lako. Huku mipungate imeanza kutoa maua. Bwana Ignacio bado analeta ndimu, na hatujaelewana chochote, mdomo wako uoshe kwa sabuni. Nitakuja Oktoba wakati wa tufaha, daktari akiniruhusu kupanda ndege.

Nimesoma habari za barabara. Kaka, usipandishe damu. Nimesikia pale karibu na kanisa wamejenga vyumba vizuri vya wazee, vina joto, na ngazi hakuna. Mke wa mchungaji wa zamani anakaa pale na anafurahi sana. Si lazima, nasema tu. Na huku kwangu chumba cha pili kitupu mwaka mzima.

Vaa soksi mbili.

Dada yako,
Leona


Kilima cha Cutting
11 Machi 1987

Leona,

Mzima. Kuku mmoja ametaga. Nimekuuliza mambo manne, ukanijibu matatu, nami si kipofu.

Mkutano ulikuwa jana. Tulianza asubuhi kama kawaida, tukaikazia bendera macho, tukaapa, tukakaa kwenye viti vile vya chuma vinavyokumbusha mtu dhambi zake. Vifungu kumi na nane vilipita kwa mikono. Lori la zimamoto, ndiyo. Vitabu vya maktaba, ndiyo. Mshahara wa mkamata mbwa, nilisimama nikauliza kama na mbwa wamekubali, watu wakacheka. Adhuhuri akina mama wa kanisa wakatuuzia maharage ya kuoka na nyama ya nguruwe na pai. Nilikaa katikati ya Verne Stickney, yule wa machimbo ya changarawe, na mwanao. Nikawapitishia bakuli la maharage. Royce hakula.

"Mbona huli, mpwa wangu? Umepata mchumba?"

"Tumbo, Mjomba."

"Tumbo la nani?"

Hakucheka. Ningepaswa kujua pale pale.

Ikafika kumi na tisa. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno matatu matamu na moja chungu. Kabla sijasimama, Bi Philbrick, msimamizi wetu, akagonga nyundo. "Nimepokea ombi la wapiga kura watano. Wanataka kifungu hiki kipigiwe kura ya siri. Sheria inawapa haki hiyo. Walioomba wasimame nihakikishe wamo ukumbini."

Unakumbuka mimi husema nini kila mwaka? Anayeomba kura ya siri aombe na kitambaa cha kujifunika uso. Nimesema hivyo mbele ya watu hao hao tangu vita vya Korea, nao hucheka. Jana hakucheka mtu.

Akasimama Stickney. Akasimama mke wake, maana huyo akisimama bwana na yeye husimama hata kama ni kanisani. Wakasimama wale wapya wawili wa nyumba ya mtoni, wanaofuga mbuzi kwa ajili ya picha. Wanne. Bi Philbrick akangoja. Nikasema kwa sauti, "Wa tano ameona aibu, tuendelee na mikono." Watu wakaanza kucheka kidogo, na kicheko kikafia njiani. Pembeni yangu kiti kililia. Alikuwa Royce.

Hakunitazama. Alitazama bendera kana kwamba ndiyo imemwita.

Tukapanga mstari tukatumbukiza vikaratasi sandukuni, kila mtu amekunja chake kidogo kabisa kama anaficha jino bovu. Walikubali sitini na mmoja, walikataa arobaini na nane. Kisha Stickney akataka jambo hilo lizuiwe kufunguliwa tena siku ile, ndiyo desturi wakishashinda. Hiyo ikapigwa kwa mkono. Ningependa ungeiona, Leona. Mikono iliyoogopa kuonekana mara ya kwanza sasa ilikuwa juu kama msitu, imetulia, imepumzika.

Watu wa magazeti hulalamika kwamba serikali iko mbali kule Washington, mtu akinyongwa hajui nani kavuta kamba. Hapa kwetu unamjua. Umempitishia maharage.

Nakuuliza tena lile la nne.

Elwin


Tucson
26 Aprili 1987

Kaka,

Nisamehe nimechelewa. Mara nyonga, mara mafua, mara Pasaka. Mzima lakini.

Royce ni mtu mzima mwenye miaka arobaini na minne, na kazi yake ni barabara. Ana haki yake ya kura kama wewe. Mimi siishi Hallam, sina kura huko, wala jina langu halimo daftarini.

Lakini na mimi nina swali. Januari ulianguka kwenye barafu kati ya nyumba na banda. Ulilala pale muda gani kabla Royce hajakukuta? Barua yako ya Februari ina kuku, ina mbwa, ina Katiba. Hilo halimo.

Leona


Kilima cha Cutting
10 Mei 1987

Leona,

Tope limekauka. Niliteleza. Nilikuwa nimelala natazama mawingu, mwanao akanikuta akadhani nimekufa. Tangu hapo ananizika.

Umesema huna kura Hallam. Kweli. Anayemshika mkono mpiga kura naye hana jina daftarini.

Sheria inasema kwenye barabara ya mageti na mbao mwenye shamba anaweza kuweka geti, mradi asilifunge kwa kufuli, maana njia bado ni ya umma. Nimeweka geti. La mwaloni, mbao tano. Kila apitaye atashuka garini, afungue, apite, ashuke tena, afunge. Mgeni wa kwanza alikuwa mchungaji. Ameshuka mara mbili, amechafua viatu, amesahau alichokuja kuniambia. Sheria hii tamu kumbe.

Elwin


Tucson
14 Septemba 1987

Kaka yangu,

Nimekuandikia Juni, nimekuandikia Agosti, hujajibu. Royce anasema moshi unatoka kwenye bomba lako, kwa hiyo ndivyo ninavyojua una uhai, kwa moshi, kama Wahindi Wekundu wa kwenye sinema.

Nitasema, kwa sababu kukaa nalo kumenishinda. Siyo Royce. Ni mimi. Alipokukuta Januari alinipigia simu analia, mtu mzima mwenye ndevu. Alisema ndevu zako zilikuwa zimeganda kwenye barafu, alikubandua kwa chai ya chupa yake. Na ulimwambia akisema kwa mtu utamfukuza kilimani. Nikamwambia aende kwa wakili, aulize kama mahakama inaweza kumpa mtu usimamizi wa mjomba wake. Wakili akacheka. Akasema hakimu wa kwetu anamfahamu Elwin Cutting, mzee yule akisimama mahakamani dakika tano, atakayewekewa msimamizi ni wewe, Royce.

Basi mimi nikasema: kama hashuki kwa kuambiwa, barabara ikifungwa atashuka. Royce hakutaka. Alikataa wiki mbili. Nilimwambia ukifa kule juu, yeye ndiye atakuwa amekuua. Nilimwambia hivyo mwanangu. Na la kura ya siri ni langu pia, kwa kuwa nilijua hakuna atakayeinua mkono mbele ya macho yako. Wala si kwa chuki, Kaka. Watu wale wanakupenda. Sitini na mmoja walipiga kura ili usife.

Chumba karibu na kanisa bado kipo. Nimewaandikia wakishikilie. Oktoba sitaweza kuja, nyonga imekataa. Shuka kabla ya sikukuu ya Shukrani, nakuomba. Nilaumu mimi ukiwa kwenye joto.

Leona


Kilima cha Cutting
20 Desemba 1987

Leona,

Krismasi njema kwako na kwa Bwana Ndimu.

Theluji ipo. Nina kuni vyumba viwili vimejaa, unga, maharage makavu, siagi, nyama ya kulungu, na viatu vya kutembelea juu ya theluji vya baba. Dukani nashuka kwa miguu mara moja kwa wiki na kijisleji cha kukokotea mizigo juu ya theluji. Njia ni yangu, hakuna msongamano.

Kwa hiyo walipiga kura nisife. Nimelifikiria hilo tangu Septemba, ndiyo maana sikujibu. Nilipokuwa mdogo mwalimu alitufundisha kwamba wengi wakishinda, wachache wanabaki na haki zao. Hakutufundisha mtu afanye nini wengi wakimhurumia. Mtu akikuchukia, kuna wakili. Akikupenda hakuna mahakama.

Mngenijia mezani. Ningewafukuza, ndiyo. Ningewatupia kikombe. Mngerudi kesho yake. Mlichoogopa kuniambia watu wawili, mkakipeleka kwa watu mia na tisa.

Sikushuka.

Elwin


Tucson
9 Februari 1988

Kaka yangu mpendwa,

Asante Mungu, asante Mungu. Royce amenipigia kutoka hospitali. Anasema homa imeshuka na umeshaanza kuwasumbua wauguzi. Nimelia mpaka Bwana Ignacio akaja kugonga mlango.

Najua hutaniambia, kwa hiyo acha mimi nikwambie kilichokupata. Dhoruba ya siku mbili, simu imekatika. Royce alikuwa anasukuma theluji ya mjini akatazama juu, hakuona moshi. Akatazama tena baada ya saa moja, hakuna. Akapanda na lori la mji. Geti lako lilikuwa limezikwa nusu, hakushuka kulifungua, alipita nalo, jembe la lori likapinda. Alikukuta sakafuni, jiko limezimika, mbwa amekulalia kifuani. Daktari amesema ni kichomi, mapafu yote mawili, na kwamba usingefika asubuhi.

Sasa sikiliza. Unajua sheria kuliko mimi. Mali ya mji haiendi kwenye barabara iliyofungwa. Stickney ameona jembe lililopinda na ameshaanza kunusa, anautaka Ubwana Barabara tangu zamani. Uchaguzi ni mwezi ujao. Royce anajua kazi hiyo tu, ameifanya tangu ana miaka ishirini, na ana watoto watatu nyumbani. Yeye hatakuomba. Amesema, "Mama, usimwandikie." Mimi nakuandikia.

Likizuka mkutanoni, simama useme ulivyokuwa. Basi. Hakuna mtu Hallam atakayemfukuza mtu kazi kwa kumwokoa mjomba wake. Ila ni lazima wasikie kwako, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa sakafuni.

Mimi sina haki ya kukuomba. Naomba.

Leona


Kilima cha Cutting
9 Machi 1988

Leona,

Natembea. Nakohoa kidogo. Kuku wote walikufa kwa baridi nilipokuwa hospitali, Seneta yupo.

Mkutano ulikuwa jana, nami nilikwenda, kwa miguu mpaka chini kisha kwa gari la mchungaji. Sanduku la kuchagua viongozi lilikuwa nyuma ya ukumbi, limefunguliwa tangu asubuhi hadi jioni, Royce na Stickney majina juu na chini. Mambo mengine tukaendelea nayo mbele. Ukumbi ulikuwa umejaa. Wengi walikuja kunishika mkono. Walinishika kwa upole, kama yai.

Ilipofika bajeti ya barabara, Stickney akasimama. Amenyoa, amevaa tai, nikajua kuna msiba.

"Bi Msimamizi, naomba Bwana Barabara atueleze jembe la lori la mji limepindia wapi."

Royce akasimama. Hakuzunguka hata kidogo, huyo mwanao hajui kuzunguka. "Kwenye geti la mjomba wangu. Februari."

"Barabara iliyofungwa kwa kura ya mkutano huu?"

"Ndiyo hiyo."

"Iliyofungwa kwa ombi la nani, tukumbushane?"

Minong'ono. Royce akawa mwekundu mpaka shingoni. "Sikuona moshi," akasema. "Mjomba alikuwa anakufa."

Hapo wote wakanigeukia. Bi Philbrick akavua miwani, mama mwema yule, akanitafutia njia pana ya kupita. "Mzee Elwin yupo nasi, tunashukuru. Mzee Elwin, kuna jambo ungependa mkutano ulisikie? Ulikuwa katika hali gani siku ile?"

Nikasimama. Barua yako ilikuwa mfukoni, naijua kwa moyo.

Nilitazama ukumbi ule, Leona. Sitini na mmoja wale, sijui ni akina nani hadi leo, ndiyo maana ya siri, kwa hiyo nilipaswa kuwatazama wote kama ndio. Nikawaona wanangoja. Walikuwa wameshaweka nyuso za huruma tayari. Nikisema ndiyo, nilikuwa sakafuni, nilikuwa nakufa, basi kila mmoja wao atakwenda nyumbani amenyooka. Tulimwambia. Tulipiga kura sawasawa. Maskini mzee. Na kesho wangekuja na sanduku kunibebea vikombe.

Nikasema, "Mafua, Bi Msimamizi."

"Mafua?"

"Mafua tu."

Akasema, "Lakini tulisikia ulilazwa siku nne."

Nikasema, "Walikuwa na kitanda kitupu na muuguzi mwenye miguu mizuri. Ungelazwa na wewe."

Wakacheka. Nimewachekesha miaka arobaini, wakiniona nimefungua mdomo wanacheka kabla sijamaliza. Walicheka kwa nguvu, nadhani kwa kufurahi kwamba siyo wao waliojibiwa. Nikakaa.

Royce alibaki amesimama muda kidogo. Safari hii alinitazama. Sijui niseme alinitazamaje. Si kwa hasira, hasira ningeijibu. Kisha akakaa, akaweka kofia kichwani, akaivua tena akakumbuka yuko ndani.

Jioni wakahesabu. Stickney ameshinda kwa kura kumi na saba. Nimesikia watu wakisema mlangoni, "Kwa mafua? Amevunja lori la mji kwa mafua?"

Mimi nilipiga kura yangu. Sitakwambia nilimpa nani. Ya siri.

Nilichosema nilikisema nimesimama, kwa sauti, kila mtu ananiona. Nyinyi ndio mlioanza kukunja vikaratasi.

Elwin


Tucson
2 Juni 1988

Elwin,

Royce, mkewe na watoto wamefika hapa wiki iliyopita. Anachimba mabwawa ya kuogelea ya watu. Jua limemchoma masikio. Wameuza nyumba.

Hazungumzi habari zako. Sio kwamba anakutukana, hakutaji. Nilimuuliza usiku wa kwanza kama ulikuwa unakufa kweli au la, maana barua yako niliisoma mpaka nikaanza kuamini mafua. Akasema, "Mama, nilimbeba. Alikuwa mwepesi kama kuku." Akaenda kulala.

Nilikufungia barabara, hilo nitalijibu kwa Mungu. Wewe ulimwacha amesimama.

Chumba cha pili hakiko kitupu tena.

Leona Hadlock


Kilima cha Cutting
11 Desemba 1988

Mdogo wangu,

Hii ni barua ya tatu tangu Juni. Hujajibu mbili, nami sikulaumu. Hata hivyo salamu ni deni la damu: mimi nimo, Seneta amezeeka, simu inafanya kazi. Mchungaji amenipa redio. Mke wa Stickney aliniletea pai, akaiacha kwenye nguzo ya geti akakimbia, kama anayelisha chui.

Theluji kubwa ya kwanza imeanguka jana. Nimekaa dirishani na kahawa nikangoja. Sijui nangoja nini, ni mazoea ya mwili, kama ng'ombe anayekwenda kusimama mahali palipokuwa na hori. Saa moja asubuhi nikasikia lori. Linapanda polepole kutoka kijijini, mnyororo kwenye magurudumu, jembe linakwaruza. Likafika chini ya kilima. Pale ambapo barabara ya mji inaishia na yangu inaanza pana jiwe, na Stickney, nimpe haki yake, ni mtu wa sheria. Akasimama penye jiwe lenyewe, hakuzidisha hata unyayo mmoja. Akarudi nyuma, akageuza, akashuka.

Leo asubuhi tena hivyo hivyo.

Nilitaka kukuomba umwambie Royce neno moja. Nimeliandika mara nne na kulifuta, karatasi imetoboka, ndiyo maana unaona hapa chini nimekata kipande. Neno lenyewe si refu. Mtu yeyote aliyefika darasa la nane angeweza kuliandika.

Sasa hivi lori limekuja tena, mara ya pili leo, theluji ni nyingi. Limefika penye jiwe. Linageuza.

Elwin